Kabla Hujanunua Kifaranga wa Kwanza: Mwongozo Kamili wa Kuamua Kama Ufugaji wa Kuku wa Biashara Unakufaa

Kundi langu la kwanza la kuku wa nyama lilikuwa la vifaranga 200. Walikufa 10 tu. Waliobaki walifika siku ya 42 wakiwa wazito, vifua vimejaa, na kila aliyechungulia bandani alinipongeza. Lakini mtu aliyeniahidi kwa mdomo kwamba angewachukua wote alikuwa ameshapata kuku wa bei nafuu kwingine, na mimi sikuwa na jina la pili kwenye daftari. Nikaanza kuwauza wawili wawili, watano watano. Kuwamaliza kulinichukua siku 17. Katika siku hizo waliobaki walikula mifuko saba ya chakula ambayo sikuwa nimeipangia, na wanunuzi walilipa kwa kuku mmoja mmoja, si kwa kilo, kwa hiyo uzito walioongeza niliugawa bure. Nilipofunga hesabu, faida yote ilikuwa imeishia kwenye vyombo vya kulishia.

Tangu hapo, mtu akiniuliza ajenge banda la ukubwa gani, namjibu kwamba hilo ni swali la saba au la nane. La kwanza ni kama aingie kabisa au asiingie, na jibu la "usiingie" ni jibu halali. Nimewashauri watu kadhaa waache, na pesa zao ziko salama mpaka leo.

Ukilishika jambo moja katika mwongozo huu, lishike hili: ufugaji wa kuku wa biashara ni kazi ya kugeuza chakula kuwa pesa. Chakula peke yake huchukua kati ya asilimia 60 na 70 ya gharama zote. Kuku anakula leo, uwe na mnunuzi au usiwe naye. Kwa hiyo uamuzi wako unasimama juu ya mambo matatu: nani atanunua, pesa ya chakula itatoka wapi mpaka siku ya mwisho, na nani atakuwa bandani kila siku. Hatua zinazofuata zinayachunguza hayo kwa mpangilio ninaoupendekeza, na ukikwama kwenye hatua mojawapo, usiirukie inayofuata.

Hatua ya 1: Tafuta mnunuzi kabla ya banda

Chukua daftari na wiki mbili za kutembea. Nenda kwa watu wanaonunua kuku na mayai kila wiki: wenye migahawa, hoteli, maduka, wachuuzi wa sokoni, wapishi wa shughuli, shule zenye bweni. Usiwaulize "mtanunua kuku wangu?", maana kila mtu mstaarabu atajibu ndiyo. Uliza mambo yanayopimika. Kwa sasa unanunua wangapi kwa wiki? Unawachukua wakiwa hai au wameshachinjwa na kusafishwa? Uzito gani unaupenda? Unalipa papo hapo au mali kauli, na mali kauli hiyo ni ya siku ngapi? Aliyekuletea mara ya mwisho alikuudhi kwa jambo gani? Swali hili la mwisho ndilo lililonisaidia kuliko yote. Mwenye mgahawa mmoja aliniambia kwamba bei haikuwa tatizo kwake, tatizo lake ni mfugaji anayeleta kuku wengi mwezi huu na kupotea mwezi ujao. Palepale nikajua ninachopaswa kumuuzia: uhakika.

Andika majibu kwa tarakimu. Kisha jumlisha na ugawanye kwa mbili, kwa sababu nusu ya ahadi hizo hazitatimia, si kwa ubaya wa mtu bali kwa sababu wanunuzi hao tayari wana wauzaji wao. Kiasi kinachobaki ndicho soko lako la kuanzia. Kikiwa kuku 40 kwa mwezi, usijenge banda la 500.

Angalia pia wauzaji wenzako. Kama kuna mashamba makubwa yanayoshusha mzigo eneo lako kila wiki, hutawashinda kwa bei, kwa sababu wao hununua chakula kwa tani na wewe kwa mfuko. Utafute upande wasioufikia: kupeleka mlangoni, kuku aliyesafishwa vizuri, mayai ya jana badala ya mayai ya wiki iliyopita.

Hatua ya 2: Chagua aina ya kuku kulingana na mfuko na subira yako

Watu huchagua kuku wa nyama au wa mayai kwa kusikia nani anapata faida zaidi. Tofauti kubwa iko kwenye muda ambao pesa yako inakaa nje.

Kuku wa nyama wa kisasa huingia akiwa na uzito wa karibu gramu 40 na, akilishwa na kutunzwa vizuri, hufikia kilo 2 au zaidi kidogo kwa wiki tano au sita. Pesa inarudi haraka. Hata hivyo, siku ya kuuza ni finyu. Ukipitisha siku chache tu anaanza kula faida, kama alivyonifanya mimi. Kuku huyu pia hana ustahimilivu wa joto kali. Hukua haraka kuliko moyo na mapafu yake yanavyoweza kubeba, na siku ya jua kali hufa akiwa mzito na karibu na mnada, pale inapouma zaidi.

Kuku wa mayai huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20, hufika kileleni karibu na wiki ya 26 hadi 30, na huendelea kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kuku wa aina za biashara akitunzwa vizuri hutaga karibu mayai 300 katika mwaka wake wa kwanza wa kutaga. Mapato ni ya kila siku, jambo linalotuliza roho. Kabla ya hapo, lakini, utamlisha miezi minne na nusu bila kuona hata yai moja. Wapo wanaokwepa kipindi hicho kwa kununua mitetea wanaokaribia kutaga. Bei yao ni kubwa, ila hatari ya kulea vifaranga imebebwa na mwingine. Ukichukua njia hiyo, dai rekodi ya chanjo iliyoandikwa, si ya kusimuliwa.

Chotara na kuku wa asili hukua polepole zaidi, huvumilia zaidi, na mara nyingi huuzwa kwa bei nzuri kwa wanaojali ladha. Wanafaa kwa mwenye eneo na subira. Usidanganyike tu kwamba hawahitaji chanjo wala chakula cha kununua: wakiwa 10 wanajitafutia, wakiwa 200 wanakutegemea wewe.

Hatua ya 3: Piga hesabu kwa kilo za chakula

Bei hubadilika kila msimu, na hesabu uliyoipata kwa mtu wa eneo jingine haikusaidii. Mimi huhesabu kila kitu kwa kilo za chakula, kisha naweka bei ya leo mwishoni. Njia hii imeniokoa mara nyingi, kwa hiyo niruhusu niieleze taratibu.

Tuanze na kuku wa nyama. Ili aongeze kilo moja ya uzito, hula karibu kilo 1.8 za chakula katika mazingira ya mfugaji wa kawaida. Wenye mabanda bora hushuka chini ya hapo. Kuku wa kilo 2.2 atakuwa amekula karibu kilo 4. Ukiingiza vifaranga 100 na kufikisha 95 sokoni, andaa kilo 380, yaani mifuko minane ya kilo 50 na kinachobaki kidogo. Sasa, kama chakula ni asilimia 65 ya gharama, basi gharama nzima ya kuku mmoja, pamoja na kifaranga, chanjo, joto, maranda, usafiri na mengineyo, ni sawa na bei ya kilo 6 na kidogo za chakula. Nenda kaulize bei ya kilo moja ya chakula, izidishe kwa 6.2, ulinganishe na bei ambayo mnunuzi wako wa Hatua ya 1 analipa shambani. Zikikaribiana, hakuna biashara hapo. Una kazi ngumu isiyo na mshahara.

Kwa kuku wa mayai, kila mmoja hula takriban gramu 115 kwa siku. Kati ya kuku 100, tuseme wanataga 80 kwa siku kwa wastani wa mwaka. Hao 100 wanakula kilo 11.5 ili upate mayai 80, kwa hiyo trei ya mayai 30 imebeba kilo 4.3 za chakula. Ongeza chakula alichokula tangu kifaranga mpaka yai la kwanza, karibu kilo 8, ambazo ukizigawa kwenye trei zake za mwaka mzima zinaongeza kama kilo 0.8 kwa kila trei. Tumefika kilo 5.1. Kama chakula ni asilimia 70 ya gharama, trei moja inakugharimu bei ya kilo 7 hadi 7.5 za chakula. Ukiuza chini ya hapo unakula mtaji, hata kama kila jioni mkononi una noti.

Noti hizo za kila jioni ndizo zinazowapoteza wengi. Mfugaji wa mayai anaona pesa kila siku na kuiita faida, na siku kuku wanapozeeka anagundua hana cha kununulia kundi jingine. Mali bila daftari huisha bila habari. Tenga sehemu ya kundi lijalo katika kila trei unayouza.

Mchanganyiko wa kujitengenezea chakula huonekana kuwa njia ya mkato, na kwa mwenye kuku wengi na elimu ya lishe unaweza kusaidia. Kwa anayeanza, nakusihi usiuguse. Kuku anayetaga anahitaji kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4 katika chakula chake. Kifaranga akilishwa chakula hicho, figo zake huharibika. Na mahindi yaliyovunda hubeba sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, ambayo huwadumaza kuku na kuidhoofisha kinga yao bila dalili ya wazi, ukabaki unalaumu vifaranga.

Hatua ya 4: Itikise hesabu yako mpaka ianguke

Hesabu ya karatasini huwa nzuri kila mara. Ipe mitihani. Tuseme gharama zako zote za kundi moja la kuku wa nyama ni 100, na mauzo ni 120. Faida ya 20 inapendeza. Bei ya chakula ikipanda kwa asilimia 10, na chakula ni 65 katika ile 100, gharama inakuwa 106.5. Soko likishuka kwa asilimia 10, mauzo yanakuwa 108. Faida imebaki 1.5. Sasa badala ya kufa 5 katika 100 wafe 10: unauza 90 badala ya 95, na mauzo yanashuka hadi karibu 102.3. Faida ya 20 imegeuka kuwa hasara ya zaidi ya 4, na hakuna janga lolote lililotokea. Hayo yote ni mambo ya kawaida ya mwaka wa kawaida.

Fanya zoezi hilo kwa namba zako mwenyewe. Kama mambo mawili kati ya hayo matatu yakitokea pamoja yanakuangusha, tafuta kwanza namna ya kupunguza gharama au kuuza kwa bei bora zaidi. Pesa ya mkopo ikiwa ndani ya hesabu hiyo, marejesho yaingie kwenye gharama tangu mwanzo. Mkopo unaodaiwa kila mwezi kwa kuku wa mayai wasiotaga kwa miezi minne na nusu ni kitanzi. Nimeona banda zuri likiuzwa na mabati yake kwa sababu hiyo tu.

Hatua ya 5: Pima kama pesa yako inafika mwisho wa mzunguko

Wengi hutumia theluthi mbili za mtaji kwenye banda, halafu katikati ya safari chakula kinakatika. Kuku wa nyama anayepunjwa chakula wiki ya nne haendi tena sawasawa, hata ukimrudishia wiki ya tano. Mtetea anayepunjwa anachelewa kutaga, na mayai yake huwa madogo.

Kanuni yangu ni kwamba kabla ya kifaranga kuingia, pesa ya chakula chote iwe imetengwa. Kwa kuku wa nyama 100 ni mifuko minane ya kilo 50, na uongeze mmoja wa dharura. Kwa kuku wa mayai 100, mifuko 16 mpaka waanze kutaga, halafu mifuko saba kila mwezi. Usitegemee mayai ya wiki za mwanzo kulipia chakula. Yanaanza machache na madogo. Panga pesa ya angalau mwezi mmoja baada ya yai la kwanza. Kama ukiwa na hiyo hubaki na ya kujengea banda kubwa, jibu ni banda dogo.

Hatua ya 6: Amua ni nani atakuwa bandani

Sehemu hii wengi huipita kwa haraka. Mimi naiona ndiyo inayotenganisha wanaodumu na wanaoacha.

Kundi langu la tatu, usiku wa pili baada ya vifaranga kufika, umeme ulikatika. Niliamshwa na sauti. Vifaranga wenye joto la kutosha hulia kwa sauti ndogo ya kuridhika, kama watu wanaonong'ona. Wakipata baridi sauti hupanda, inakuwa kali na ya pamoja. Nilipoingia na tochi sakafu ilikuwa tupu. Wote walikuwa kona moja, wamepandana kama kichuguu, wa juu wakisukuma kuingia chini kwenye joto la wenzao. Nikapiga magoti nikaanza kuwatenganisha kwa viganja. Wa juu walikuwa wazima. Wa katikati walikuwa wamelowa jasho la pumzi za wenzao. Wa chini walikuwa wamelala bapa, joto bado, na hawakuamka. Walikuwa 38. Hawakuuawa na ugonjwa. Walikosa hewa, na nilikuwa nimelala umbali wa hatua ishirini.

Siku hizi siwaingizi vifaranga bila chanzo cha pili cha joto kikiwa tayari, na naweka duara la karatasi ngumu au bati jepesi ili kusiwe na kona. Wiki ya kwanza joto liwe kati ya nyuzi 32 na 34 za Selsiasi pale vifaranga walipo, si juu ukutani, kisha lipungue kama nyuzi 3 kila wiki. Kipimajoto ni kizuri, ila vifaranga wenyewe husema zaidi: wakijazana chini ya joto wanahisi baridi, wakikimbilia pembezoni huku midomo wazi wanaungua, wakikaa upande mmoja kuna upepo unaopenya, wakitawanyika sawasawa wakila na kulala wameridhika. Jioni ya siku ya kwanza papasa kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo. Kikiwa laini na kimejaa, kifaranga amekula na kunywa. Kikiwa kigumu, amekula bila maji. Kikiwa kitupu, hajaona chakula, na unapaswa kujua kwa nini usiku huohuo.

Sasa jiulize: nani atafanya hayo? Kuku hawana siku ya mapumziko. Kama una ajira na unategemea kumwajiri mtu, weka mshahara wake kwenye hesabu ya Hatua ya 3, na ujue kwamba kundi dogo la 100 haliwezi kumlipa. Kama ni mtu wa nyumbani, keti naye mkubaliane waziwazi kazi zake, saa zake na sehemu yake ya faida. Ufugaji unaosimamiwa kwa simu kutoka mbali nimeuona mara nyingi, na katika hao wote niliowafahamu, waliofanikiwa walikuwa wale waliokuwa na mwenza wa kweli pale shambani, mwenye sehemu yake katika mali.

Hatua ya 7: Kagua mahali, maji na majirani

Uliza kwanza kwenye mamlaka ya eneo lako kama ufugaji wa kibiashara unaruhusiwa hapo, kwa vibali gani na umbali gani kutoka kwenye makazi. Fanya hivyo kabla ya tofali la kwanza. Harufu na nzi huharibu ujirani upesi.

Kwa banda la sakafu lenye matandazo, kadiria kuku wa nyama 10 kwa mita moja ya mraba, na punguza ukiwa kwenye joto kali. Kwa kuku wa mayai, watano au sita. Penye joto, urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi ili jua lisipige ubavuni, na upana usizidi mita 9 au 10 ili hewa ipite yenyewe. Kuta ziwe fupi, juu wavu imara usiopitisha panya wala ndege wa porini.

Maji watu huyasahau. Kuku hunywa karibu mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, na joto likipanda hunywa zaidi sana. Kuku 100 wakubwa wanataka lita 20 hadi 25 siku ya kawaida. Kama maji unayabeba kwa ndoo kutoka mbali, hesabu safari hizo kwa mwaka mzima kabla ya kuamua.

Na kuhusu matandazo: chukua konzi ya maranda, ifinye kisha ufungue kiganja. Yakibaki donge, yamelowa kupita kiasi. Yakitawanyika polepole, ni sawa. Ukichuchumaa kwenye usawa wa kuku na macho yakakuwasha, hewa hiyo ya amonia inawachoma mapafu mchana kutwa, na mlango wa magonjwa umeshafunguka.

Hatua ya 8: Jua magonjwa kabla hayajakujua

Ugonjwa wa kideri, ambao wengine huuita mdondo, hauna tiba. Ukiingia kwenye kundi lisilochanjwa unaweza kuwamaliza karibu wote kwa siku chache. Gumboro, ambayo imebeba jina la eneo la Gumboro huko Delaware, Marekani, ilikoonekana mara ya kwanza, hupenda kuku wa wiki tatu hadi sita na huharibu kinga yao, hata waliopona hubaki dhaifu. Ndui ya kuku, mareksi (ugonjwa wa virusi unaopoozesha miguu na mabawa), homa ya matumbo ya kuku na kuhara damu vina nafasi yake kwenye orodha. Hii ya mwisho huletwa na vimelea vinavyostawi kwenye matandazo yaliyolowa, kwa hiyo sehemu kubwa ya kinga yake ni reki na maranda makavu.

Kabla ya kuamua, pata majibu ya maswali manne. Daktari wa mifugo aliye karibu ni nani, na anafikika siku ya mapumziko? Ratiba ya chanjo ya eneo lako ikoje? Chanjo zinauzwa wapi, na zinatunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 mpaka zikufikie? Muuza vifaranga anachanja mareksi siku ya kwanza, na anaweza kukuonyesha kwa maandishi? Kama jibu la tatu ni "dukani, kwenye rafu", chanjo hiyo ni maji ya rangi.

Hata chanjo nzuri hufa mikononi mwa asiyejua. Inayotolewa kwa maji haitaki klorini wala chombo chenye mabaki ya dawa. Vifaranga wanyimwe maji saa moja au mbili ili wawe na kiu, kisha wayamalize yale yenye chanjo ndani ya saa mbili.

Mengine ni nidhamu. Viatu vya bandani vibaki bandani. Wageni, hasa wafugaji wenzako, watazame wakiwa nje. Kundi lote liingie pamoja na kutoka pamoja, kisha banda lisafishwe, lipigwe dawa na kupumzika wiki mbili. Mzoga uzikwe kwa kina au uchomwe siku hiyohiyo. Na dawa za antibayotiki zisigeuzwe kuwa chakula cha kila wiki. Kila moja ina siku za kusubiri kabla ya nyama au mayai kwenda kwa mlaji, na siku hizo ni haki yake hata kama mnunuzi amesimama getini na pesa.

Hatua ya 9: Toa jibu, kisha ulijaribu kwa kundi dogo

Rudi kwenye daftari. Kama una wanunuzi wasiopungua watatu wenye kiasi na bei iliyoandikwa, hesabu inayosimama baada ya kutikiswa, pesa ya chakula mpaka mwisho, mtu wa bandani mwenye jina, na daktari anayefikika, endelea. Likikosekana moja, ahirisha na ulitafute. Yakikosekana mawili, acha kwa sasa, uiweke pesa hiyo kwenye jambo unaloliweza.

Ukiendelea, anza na kuku 50 hadi 100 hata kama mtaji unaruhusu 1,000. Kundi hilo ni ada ya shule, usilitegemee kwa kipato. Panga tarehe kwa kurudi nyuma: mnunuzi anataka kuku siku fulani, toa siku 42, hiyo ndiyo siku ya vifaranga kufika. Toa siku nyingine mbili, hiyo ndiyo siku banda liwe limekamilika na chanzo cha joto kimejaribiwa usiku kucha. Agiza vifaranga mapema, maana wauzaji wazuri huwa na foleni.

Kila jioni andika mistari minne: chakula kilichotumika, maji waliyokunywa, waliokufa, na pesa iliyotoka. Mara moja kwa wiki pima kuku 10 uliowakamata bila kuchagua. Maji yakishuka ghafla leo, ugonjwa unaweza kuonekana kesho au keshokutwa, na siku hiyo moja uliyoipata ni kubwa.

Kundi likishatoka lote, soma namba tatu. Ya kwanza ni kilo za chakula kwa kila kilo ya kuku uliyouza: ikizidi 2, chunguza chakula kinachomwagika, panya, joto, au siku ulizochelewa kuuza. Ya pili ni waliokufa: wakizidi 5 kati ya 100, tazama walikufa wiki gani. Wa wiki ya kwanza huelekeza kwenye vifaranga wenyewe na joto, wa baadaye huelekeza kwenye magonjwa na hewa. Ya tatu ni siku kati ya kuku wa kwanza kuuzwa na wa mwisho. Kwangu mimi kundi la kwanza zilikuwa 17, la pili 9, la nne 3, na ni baada ya hilo la nne ndipo nilipoongeza ukubwa wa banda.